Uchunguzi wa Afya Kazini: Uzoefu Wangu wa Miaka Mitatu

Ninatunza kumbukumbu za mizigo katika bohari moja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na kwa miaka mitatu nimeshiriki mpango wa uchunguzi wa afya ambao mwajiri wetu ameingia mkataba na kituo kimoja cha afya kuuendesha. Sitawataja kwa majina, kwa kuwa sehemu ya ninayoyaeleza ni malalamiko. Mpango huu usichanganywe na upimaji unaotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambao kwetu huangalia zaidi mapafu na masikio ya wanaoshinda kwenye vumbi na mashine. Huu ni wa hiari, nao humtafuta mtu asiyeumwa popote.

Mwaka wa kwanza ulikuwa sherehe kuliko huduma. Palikuwa na hema, muziki, fulana za bure na foleni ndefu juani, na mtu alipofika mezani alifungwa kipimo cha presha angali anahema na kuitikia salamu za wenzake. Muuguzi alisoma namba zangu kwa sauti, 158 kwa 96, na wote walionifuata kwenye foleni wakazisikia; mchana ule ule mpakiaji mmoja akaniuliza kantini kama bado ninaruhusiwa chumvi. Nilipewa karatasi iliyoandikwa "muone daktari", basi. Hakuna aliyenipigia simu baada ya hapo, nami, kwa kuwa sikusikia maumivu yoyote, niliikunja nikaitia kwenye mtoto wa meza.

Tulilalamika kupitia tawi la chama cha wafanyakazi, na mwaka wa pili utaratibu ukabadilika. Kila mmoja alipangiwa nusu saa yake ndani ya saa za kazi bila kukatwa mshahara, katika chumba chenye mlango, na majibu yakatoka katika bahasha iliyofungwa, huku mwajiri akipewa jumla ya waliopimwa na si majina. Muuguzi wa safari hiyo alinikalisha dakika tano kabla hajagusa chochote. "Kaka, egemea kiti, usikunje miguu, na tusiongee mpaka nimalize," aliniambia, akapima mara mbili. Presha ilikuwa 152 kwa 94, kwa hiyo sikuweza tena kulisingizia jua. Wiki iliyofuata nilipigiwa simu, nikapimwa upya kituoni siku mbili tofauti, kisha daktari akaniandikia amlodipini, dawa ya kushusha presha, ya miligramu 5 kwa siku, ambayo bima inailipia. Kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa 128 kwa 80. Kwangu mimi, thamani yote ya mpango huu imo katika simu ile.

Wenzangu wa kike wanasifu kwamba uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kipimo cha siki (siki hupakwa kwenye mlango wa kizazi ili sehemu zenye shaka zionekane) hufanywa na muuguzi mwanamke na majibu hutolewa hapo hapo.

Kasoro zipo. Ujumbe wa kututaka tufike bila kula, kwa ajili ya kipimo cha sukari, ulitufikia saa mbili na nusu asubuhi, wakati nimeshakunywa chai na chapati mbili. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huhitaji dozi tatu, ya mwisho ikiwa miezi sita baada ya ile ya kwanza, na waliohamishiwa tawi jingine kabla ya dozi hiyo hawakufuatiliwa na mtu. Kisha kuna shindano la kuhesabu hatua kwa programu ya simu, ambalo ningelifuta leo: mpakiaji anayebeba magunia kutwa nzima huacha simu yake kabatini na kuhesabiwa sifuri, ilhali mshindi wa mwaka jana, karani wa ofisini kwetu, alikiri mwenyewe kwamba simu yake ilikuwa mfukoni mwa mwanawe aliyekuwa akicheza mpira.

Lakini linaloniudhi zaidi ni saa za huduma. Walinzi na madereva wa usiku hutoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, wakati chumba cha vipimo hufunguliwa saa tatu, na hakuna anayetarajia mtu aliyekesha asubiri saa tatu nzima ili apimwe presha. Tuliliandika hilo katika maoni ya mwaka jana. Tangazo la mwaka huu limebandikwa juzi getini, na bado linasema saa tatu.