Silas Lapham na Undine Spragg: Riwaya Mbili za Matajiri Waliokataliwa
Katika riwaya ya William Dean Howells ya mwaka 1885, Silas Lapham, aliyetajirika kwa biashara ya rangi, anaalikwa chakula cha jioni na ukoo wa Corey, familia ya tabaka la juu la zamani huko Boston, na kwa kuwa hakuzoea mvinyo, analewa na kuanza kujigamba mbele ya wageni. Kesho yake, anapojidhalilisha kumwomba radhi kijana Tom Corey, msomaji huona uchungu. Undine Spragg, katika riwaya ya Edith Wharton ya mwaka 1913, haombi radhi kwa yeyote: wazazi wake wamehamia hotelini New York kwa ajili yake, naye huolewa na kuachika apendavyo. Wharton ni mkali zaidi. Hata hivyo ningeanza kusoma riwaya ya Howells, kwa sababu Lapham, anayekubali kufilisika kuliko kudanganya wanunuzi, anastahili heshima kuliko waliomdharau.