"Wewe ndiye fundi au mimi?": yaliyonikuta kwenye duka la kuhamisha kanda Kariakoo

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna pa kuweka sifuri. Jina la duka sitaji, sitaki kesi. Ni moja ya yale ya Kariakoo yanayohamisha kanda za harusi kwenda kwenye flashi: kaunta ya kioo, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho, na kijana mmoja asiyeinua macho kwenye simu yake.

Kamera yangu ni ya MiniDV, zile zilizotamba kabla simu hazijaanza kurekodi kila kitu. Nilikuwa na mkanda wa sendofu ya dada yangu, na nyumbani ulikuwa unasubiriwa kwa hamu, maana shangazi yangu anashikilia kwamba upande wa mama haukuleta kabati la vyombo. Mama anasema kabati liliingia ukumbini na vigelegele vikapigwa. Ushahidi umo kwenye mkanda. Kuuweka tu, sauti inakatikakatika na picha imejaa viboksi.

Sasa viboksi vyenyewe havikuwa vya kutawanyika ovyo. Vilikaa kwa mistari: mstari mmoja safi kabisa, unaofuata umevurugika, unaofuata safi, hivyohivyo toka juu mpaka chini. Nikamweleza kijana. Hata kioo cha kamera hakukiangalia. "Sista, kanda imeoza." Nikamwambia mbona kanda zangu zote zinafanya vilevile, zimeoza zote kwa pamoja? Akacheka kidogo, akaomba hela ya kuangalia. Nikatoa.

Hapo ndipo yalipotokea yaliyonifanya niandike haya. Kijana akafungua mlango wa kaseti, akachukua pamba ya kusafishia masikio, akaichovya kwenye kichupa kisicho na lebo kinachonukia marashi, kisha akaanza kusugua ngoma ya ndani, ile silinda inayozungukwa na mkanda, juu chini, juu chini, kama anasugua sufuria iliyoungua. Mwili ulinisisimka. Vichwa vinavyosoma mkanda ni vidogo mno, vimechomoza kidogo tu pembeni mwa ile ngoma, na ngoma yenyewe ikiwa kazini inazunguka mara 9,000 kwa dakika. Nyuzi za pamba hunasa palepale, na kusugua kwa kupandisha na kushusha kunaweza kukivunja kichwa. Kinachotakiwa ni kipande cha ngozi laini kilicholoweshwa alkoholi safi, unakigusisha kwenye ngoma na kukituliza hapo, kisha unaizungusha ngoma taratibu kwa mkono. Kinachozunguka ni ngoma, mkono wenye ngozi haupandi wala haushuki.

Nikasema, "Kaka, subiri kwanza, hivyo utaiua."

"Sista, wewe ndiye fundi au mimi?"

Wateja wengine wakacheka. Mimi nilikaa kimya na hasira yangu, na mpaka leo hayo majibu niliyoyakosa siku ile yananijia nikiwa naosha vyombo.

Kelele zikamtoa mzee mmoja nyuma ya pazia, na hapa lazima niwe mkweli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akaichukua kamera, akavaa miwani, akacheza mkanda kidogo tu. "Mwanangu, kanda yako nzima. Vichwa vya kusoma vipo viwili, vinapokezana. Kimoja kimeziba, ndiyo maana mstari huu upo na huu haupo." Basi. Sentensi chache, na kila kitu kikaeleweka. Akanionya pia nisiache kaseti ndani ya kamera, hasa kipindi cha masika, kwa sababu unyevu wa hapa Dar unazipandisha kanda ukungu. Kwa mzee huyu natoa nyota nne. Tuseme duka zima liwe na tatu.

Lakini nikamwuliza kuhusu ile hela ya kuangalia. Akaniambia niongee na kijana! Yaani duka ni lake, kaunta ni yake, pamba ni yake, halafu niongee na kijana. Na kijana naye, bila aibu, akajaribu kuniuzia kaseti ya kusafishia, akisema niiache izunguke mpaka iishe. Kaseti hizo kavu zinakwangua. Zinachezwa sekunde kama kumi, unatoa, hurudishi nyuma. Ukiiacha mpaka mwisho, hata vichwa vyenyewe vinasagika. Rudisheni nyota moja.

Nilipotoka na kamera kwenye lile baridi na kuiwasha kwenye joto la nje, ikagoma na kuonyesha alama ya unyevu. Msiogope mkikutana na hilo, ni umande umetanda ndani. Unaiacha wazi saa moja au zaidi, inakauka yenyewe.

Alkoholi safi ya isopropili nilinunua kwa mafundi simu, ambao nao wanaitumia kusafishia bodi. Spiriti ya famasi niliiacha, ina maji mengi. Nyumbani, chini ya taa, nikaziona nyuzi za pamba zimejiviringisha pembeni mwa ngoma. Nilizitoa kwa kibano nikiwa natukana peke yangu. Nikasafisha, nikaacha ikauke kabisa, nikarudia. Mistari haikuondoka kwa mara moja, ilipungua kidogo kidogo, kisha sauti ikarudi, na kabati likaingia ukumbini limefungwa utepe mwekundu. Nyuma yake nani anapiga vigelegele? Shangazi. Sasa anasema kabati lilikuwa la kuazima.

Mume wangu ananiambia huenda ile spiriti ya kijana ndiyo iliyolainisha uchafu, mimi nikamalizia tu. Inawezekana. Sitaki kulisikia jambo hilo tena kwenye nyumba hii.

Kwa hiyo mbili. Sijui, labda mbili na nusu, kwa sababu ya mzee. Tatizo ni kwamba bado nina kanda za Video8 za miaka ya nyuma zaidi, ambazo kamera yangu haizichezi, na mashine ya kuzicheza niliiona kwenye shelfu la mzee huyohuyo. Nitazipeleka, ila nitapiga simu kwanza niulize siku hiyo kaunta anakaa nani.