TAHADHARI: Fundi wa Beetle anayekusetia taimingi huku akibaki na kabureta yako

Wenzangu wenye Volkswagen za zamani hapa Dar, someni hii kabla hamjamwachia mtu gari "aliseti taimingi na sailensi", yaani muda wa plagi kutoa cheche na mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta.

Mwezi uliopita Beetle yangu, injini ya 1600, ilianza kuzima kila nikisimama kwenye taa. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja anayejinadi kuwa anaseti injini kwa sikio. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa: kabureta (inayochanganya petroli na hewa) imekufa, distribyuta (inayogawa umeme kwenye plagi) imekufa, anazo mpya za Ujerumani, laki nne na themanini pamoja na kazi, gari lilale siku mbili. Nikalipa. Nilipolifuata lilikuwa limetulia kabisa, hadi nikampa na hela ya soda.

Siku ya tatu nikashika njia ya Morogoro. Sijafika Chalinze, kila nikikanyaga mafuta injini inagonga, kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Na injini hii inapozwa kwa hewa, haina maji ya kuchemka ukashtuka mapema. Nikapaki ikapoa, nikageuza, nikarudi mdogo mdogo.

Nyumbani ndipo nikaona. Kabureta yangu ilikuwa aina ya 34 PICT-3 yenye jina la kampuni, Solex, mwilini. Hii haina jina popote, na shafti ya kipepeo (kibati kinachofungua njia ya hewa) ukiishika inacheza. Nikapulizia dawa ya kusafishia kabureta pembeni ya shafti injini ikiwa sailensi, muungurumo ukabadilika palepale: inavuta hewa. Ili isizime, alikaza skrubu inayosukuma kipepeo kifunguke. Kwenye 34 PICT-3 sailensi haisetiwi hapo. Kuna skrubu mbili ubavuni: kubwa ya kupandisha na kushusha mzunguko, unaotakiwa uwe kama 850 kwa dakika, na ndogo ya mchanganyiko wa petroli.

Distribyuta yangu ilikuwa na kopo la vakyumu, linalorekebisha taimingi kwa mvuto wa hewa wa injini. Niliyofungiwa ni kopi ya 009, distribyuta ya Bosch ambayo haitumii vakyumu kabisa, na kijibomba cha vakyumu kwenye kabureta kimezibwa kwa kipande cha kalamu ya biki, ncha imeyeyushwa kwa kiberiti. Nilikitoa kwa koleo nikakiangalia muda mrefu.

Taimingi nayo nilipima kwa testa ya taa: waya mmoja kwenye koili upande unaokwenda kwenye pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta), mwingine kwenye bodi, swichi imewashwa, unazungusha puli kwa mkono. Taa ikiwaka, pointi zimefunguka. Kwa 009 inatakiwa iwake nyuzi 7.5 kabla pistoni haijafika juu, kwa sababu mzunguko ukipanda distribyuta yenyewe huongeza mpaka kati ya 28 na 32. Yangu iliwaka kwenye karibu 20. Sailensi inapendeza hivyo, lakini barabarani taimingi inapita nyuzi 40, na hapo pistoni inatoboka.

Nilimfuata nidai vifaa vyangu vya zamani. "Tulishatupa, bro." Wiki moja baadaye rafiki yangu akaletewa Solex "orijino" anunue kwa laki tatu na nusu. Nikaomba picha. Chini ya kifuniko kuna mikwaruzo miwili ya msumari niliyoichora mwenyewe.

Kwa hiyo kuseti ni chambo tu, anachotaka ni kabureta na distribyuta zenu. Pigeni picha ya namba kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo. Distribyuta ya Bosch ina namba mwilini, 009 halisi inasomeka 0 231 178 009. Kaeni pale kazi ikifanyika, na kila kinachofunguliwa kirudi kwenye mfuko wenu siku hiyohiyo, hata kama kimekufa kweli. Akikwambia lazima gari lilale, ondoka nalo.

Mimi nimeshatoa taarifa polisi. Aliyeuziwa 34 PICT-3 yenye mikwaruzo miwili sambamba chini ya kifuniko, upande wa choki, naomba anitumie ujumbe. Sitamlaumu aliyenunua, nataka tu kujua aliinunua kwa nani.