Dodoso la kupimana kazini: waliahidi siri, wakamwanika mtoto wa watu

Mstari wenyewe kwenye ripoti yangu ulisomeka hivi: "Walio chini yako (1)", yaani aliyejibu ni mtu mmoja. Chini yake alama, na chini ya alama maoni, neno kwa neno, hata nukta haikuguswa. Sasa niambieni, chini yangu yuko nani? Ofisi nzima inajua. Mlinzi wa getini anajua, na mama anayetuletea chai anajua. Yuko kijana mmoja tu. Na barua pepe iliyotutaka tujaze dodoso ilisema, tena kwa herufi nene, kwamba majibu ni siri na hakuna atakayejua nani kaandika nini.

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia. Jina la programu silitaji, la ofisi silitaji. Sisi ni mawakala wa forodha, tuko Kurasini. Kazi ni kutoa mizigo bandarini: kufungua kadhia (tamko la mzigo la forodha), kufuatilia malipo, kugombana na madereva, kumtuliza mteja ambaye kontena lake linazidi kuhesabiwa gharama za kukaa. Muda fulani uliopita wakubwa wakaona meneja peke yake hatoshi kutupima, bora tupimane wenyewe kwa wenyewe. Mawasiliano, ushirikiano, kutatua matatizo, kupokea maelekezo. Kila kipengele unampa mwenzako namba, 1 hadi 5, halafu kuna nafasi ya kuandika maoni. Wazo lenyewe sikulipinga. Meneja wetu anashinda vikaoni, atajua wapi nani anabeba mzigo wa nani?

Kijana wangu aliandika kwamba mtu akikosea mimi humsema mbele ya wateja. Ni kweli au si kweli, hilo ni kati yangu na yeye, silijadili hapa. Ninachosema ni kwamba aliahidiwa kufichwa, akaamini, akafunguka. Siku ripoti zinatoka nilikuwa nimeifungua yangu pale kaunta, naye akaja nyuma yangu na mafaili mkononi. Akaiona ile (1). Akaona na maneno yake. Aliyaweka mafaili mezani akaondoka bila kuaga.

Tangu siku ile shikamoo anaitoa akiwa ameshanipita. Akikwama anamzunguka kila mtu ofisini ila mimi. Juzi amekaa na mzigo wa mteja karibu siku nzima kwa sababu hakuwa na uhakika na msimbo wa bidhaa, kitu ambacho ningemjibu kwa dakika moja bila hata kuinuka kwenye kiti. Hiyo ndiyo timu waliyosema wanaijenga.

Nikaenda HR, idara ya rasilimali watu. Nikaenda kwa adabu kabisa, nikamwambia dada yangu, hapa pana kasoro, mtoto wa watu mmemwanika. Yule dada hakuinua hata macho kwenye simu. Akanijibu: "Dada, ukiona imekuuma, ujue ni kweli."

Jamani. Sikwenda kulia kwa sababu ya maoni. Nilikwenda kulalamikia namba iliyo kwenye mabano! Nikarudia taratibu, labda hakunielewa. Akasema mfumo ndio ulivyo. Mfumo haukuzaliwa hivyo, dada. Mifumo mingi ya aina hii ina kiwango cha chini: kundi lisipofikisha watu watatu, majibu yake hayatolewi peke yake, yanafichwa au yanachanganywa na ya kundi jingine. Mtu fulani alipaswa kuweka hicho kiwango kabla ya kutuma linki, akaona kazi. Halafu mimi ndiye ninayeambiwa sivumilii ukweli.

Na zile namba nazo ni vituko. Tuna mzee wetu mmoja alistaafu serikalini akaja kutusaidia. Huko alikotoka walipimwa kwa OPRAS, ule mfumo wa wazi wa kupima watumishi ulioanza 2004, na kwenye OPRAS 1 ndiyo iliyokuwa alama ya juu kabisa, 5 ya mtu aliyeharibu. Kwenye dodoso letu ni kinyume, na maelezo yake yako juu kabisa kwa maandishi ya kusoma na miwani. Mzee akatumwagia 1 kila mahali, kwa upendo wote. Alipoona tumenuna akatuuliza kwani nimewapa chache? Tulicheka mpaka machozi, lakini wastani wa watu ulikuwa umeshashuka, na HR walikataa kumfungulia arekebishe.

Huyo huyo mzee ndiye aliyenifungua macho kuhusu OPRAS. Ilikuwa na usumbufu wake, anasema, makaratasi mengi, na sasa wamehamia PEPMIS ya kwenye kompyuta. Lakini kwenye OPRAS mlikuwa mnakaa wewe na bosi wako, unajipa alama yako, naye anakupa yake, mnabishana mpaka mnapata ya kukubaliana, mnatia saini wote wawili. Aliyekusema unamjua, amekaa mbele yako. Hakuna mabano.

Basi hapa ningemaliza kwa kuwaambia likimbieni dodoso la namna hii. Ila kuna jambo moja linanizuia, na nikilificha nitakuwa mnafiki.

Tuna dada mmoja wa nyaraka, mkimya. Vikaoni haongei, meneja alikuwa anamwita mzito. Majibu yalipokuja, karibu kila mmoja alikuwa ameandika jina la dada huyu bila kuambizana: kadhia ikikataliwa na hatujui kosa liko wapi, tunampelekea yeye, ananyamaza kidogo, anaonyesha kwa kalamu. Meneja hakuwa na habari! Sasa hivi yeye ndiye anayewafundisha wapya, na mshahara wake umepanda. Kwa njia gani nyingine hilo lingejulikana? Yeye mwenyewe asingesema mpaka anastaafu. Kwa hiyo siwezi kusema kitu hiki ni takataka. Siku ile nilikaribia hata kumsamehe yule dada wa HR.

Karibu. Maana wiki chache baadaye tukasikia alama zile zile zitatumika kugawa bonasi. Samahani? Mwaliko ulisema lengo ni kujua nani anahitaji mafunzo gani, na ndiyo maana watu walikuwa wawazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakataza taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja kupelekwa kwenye lengo jingine hivi hivi. Nimeliweka hilo kwa maandishi. Ajabu, simu iliwekwa chini, nikapokea jibu refu lenye heshima zote.

Shemeji yangu anafundisha utawala chuoni, nikamsimulia, akanitumia utafiti wa Wamarekani watatu, Scullen, Mount na Goff, wa mwaka 2000. Walichambua alama walizopewa mameneja zaidi ya elfu nne na bosi zao, wenzao na walio chini yao. Zaidi ya nusu ya tofauti za alama ilitokana na huyo anayepima na mazoea yake ya kutoa alama, wala si kazi ya anayepimwa. Maana yake yule mwenzetu anayempa kila mtu 3 anaeleza habari zake mwenyewe, na mzee wetu vilevile. Maoni yaliyoandikwa ndiyo yaliyomwokoa dada wa nyaraka. Namba zilimpa wastani wa kawaida tu, kwa sababu ya zile 1 za mzee. Sasa hizo ndizo mnataka kuzigeuza pesa?

Duru mpya imeshatangazwa, mwisho wa kujaza ni Ijumaa. Nimewaandikia tena kuhusu kundi la mtu mmoja, wanasema wanalifanyia kazi. Kijana nimemwambia sehemu ya maoni aiache tupu, na akiwa na neno aje aniambie. Akaitikia "sawa dada" na kutazama mlango.

Nyota mbili. Wakiweka kile kiwango cha watu watatu na kuziacha bonasi mbali, naongeza iwe tatu, kwa ajili ya dada wa nyaraka. Yule wa HR akija kuniomba radhi, nne. Hapana, nimefikiria tena. Hata akija, zibaki mbili.