Teisco ya Miaka ya 60 Iliyonijia Bubu: Sikilizeni Pikapu Hii

Habari zenu, wapenzi wa nyuzi. Kabla sijasema lolote, sikilizeni kwanza. Hii ni pikapu ya shingoni ya gitaa la umeme, yaani kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa mtikisiko wake na kuupeleka kwenye ampu, kile kikuza sauti. Ampu nimeifungua nusu, hakuna pedali, hakuna mwangwi nilioongeza.

Mmesikia? Ngoja nirudie uzi wa tatu peke yake. Hapo. Inatoka nene, halafu mwishoni ina ukwaruzo mdogo, kama sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nimepitia magitaa saba maishani mwangu na hakuna hata moja lililowahi kulia hivi. Na wiki tatu zilizopita pikapu hii hii ilikuwa maiti.

Hili ni Teisco, la Japani, miaka ya 60. Sifa zake sizisomi moja moja, mnaziona wenyewe: pikapu mbili, swichi za kupindua kama za taa ya ukutani, na mkono wa kutetemesha nyuzi ambao nimeutoa na siurudishi. Kampuni ilianza Tokyo mwaka 1946. Mwaka 1965 The Ventures, bendi ya magitaa ya Marekani, walipozuru Japani, vijana wa kule walishikwa na homa ya gitaa la umeme, viwanda vikafyatua magitaa kama matofali, na mwaka 1967 Teisco ikaingia mikononi mwa Kawai, kampuni ya piano. Ukilifungua hili ndani unaona kabisa mkono wa fundi mwenye haraka. Haya, historia imetosha.

Nimelipata Tanga, kwa mzee mmoja aliyepiga rizimu ujanani, enzi Tanga ikiwa Tanga ya Jamhuri Jazz na Atomic. Yeye hakupigia bendi hizo kubwa, alipigia za mtaani. Gitaa lilikuwa juu ya kabati, nyuzi nne, vumbi kidole kizima. Nikampa shikamoo, tukaongea, tukakubaliana shilingi 180,000. Wakati naondoka akaniambia, "Mwanangu, likilia tena, niletee nilisikie."

Sasa niwaambie lilivyokuwa, na hapa damu inanichemka. Kuna mtu aliwahi kulitengeneza. Swichi zote amezijaza grisi. Grisi! Ndani ya swichi kuna vibati viwili vinavyotakiwa kugusana vikiwa safi. Ukipaka grisi, vumbi la miaka linaganda pale na sauti inakatika. Nimezitoa zote nne, nikazisafisha kwa spirti na mswaki, kisha dawa ya kopo ya kusafishia vifaa vya umeme, ile inayokauka yenyewe. Nati ya juu, pale nyuzi zinapopita kuingia kichwani, ilikuwa imemeguka na kubandikwa kwa supa gluu, na gundi imetiririka hadi kwenye ubao wa freti, ule wenye vijiti vya chuma unapobonyeza nyuzi. Supa gluu ikishakauka pale, kuiondoa bila kumega mbao ni kazi ya jioni nzima. Jamani, kama hujui, usiguse. Mpe mtu, au muulize mtu. Gitaa lililovunjika linangoja bila kudai chochote. Lililoharibiwa na gundi linataka msasa, na msasa unakula mbao.

Nati mpya nimechonga ya mfupa wa ng'ombe. Nilikwenda buchani, nikachagua mfupa wa mguu, nikauchemsha ukaacha mafuta, nikauanika siku nne, kisha msumeno na tupa. Gharama yake karibu na bure. Hilo nitalifanyia video yake, maana mmeniuliza sana kwenye ile ya wiki jana, na siwezi kulipitia mbio.

Twende kwenye pikapu, ndiyo sababu niko hapa.

Sogezeni macho. Hii inaitwa goldifoili. Mnaona kifuniko cha chuma kimetobolewa, na chini ya matobo kuna karatasi inayong'aa dhahabu? Karatasi ni pambo tu. Siri iko chini: koili ya waya mwembamba, na sumaku yake ni kama mpira, si chuma kigumu kama zilivyo pikapu nyingi. Ry Cooder, mpiga gitaa wa Marekani, alichukua pikapu ya Teisco ya aina hii akaitia kwenye gitaa lake la Fender Stratocaster, na tangu hapo watu wanazisaka. Leo kuna mafundi Marekani wanatengeneza mpya zenye sura hii, Lollar mmojawapo, na Fender nao wametoa magitaa waliyoyaita Gold Foil. Nimezisikia. Ni nzuri, zimetulia, zina adabu. Hii haina adabu, na ndiyo ninayoitaka.

Nilipoipata, nilichomeka gitaa nikagonga kifuniko taratibu kwa bisbisi. Ya darajani, ile iliyo karibu na pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa, ikajibu: tok, tok. Ya shingoni kimya. Nikachukua multimita, nikaiweka kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, alama ya 20k. Ya darajani ikasoma 7.1, yaani iko hai. Ya shingoni ikaonyesha 1 pembeni kushoto na haikutikisika. Ukiona hivyo, waya umekatika mahali. Usikimbilie kununua mpya. Uliza kwanza umekatikia wapi.

Nikafungua kifuniko. Makucha yake yamekunjwa kwa chini, unayainua polepole kwa bisbisi bapa, kidogo huku, kidogo kule. Nikaweka kioo cha kukuzia. Na pale, ncha ya nje ya koili inapokutana na waya mnene unaotoka kwenda kwenye swichi, nikaona kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya pwani, miaka hamsini na kitu, imeitafuna shaba mahali palepale ilipolehemiwa. Nilipiga kelele, mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Kwa nini nilifurahi? Kwa sababu ncha ya nje unaifikia. Ingekatikia ncha ya ndani, iliyoko kwenye mzunguko wa kwanza kabisa, ingebidi kufumua koili yote, maelfu ya mizunguko, na kuisuka upya.

Waya wenyewe ni huu. Sijui kama kamera inauona. Unene wake ni kama sehemu 6 za mia moja za milimita, sawa na unywele. Nikafungua mzunguko mmoja tu, nikapata sentimita chache za waya mzima. Waya huu umepakwa rangi ngumu isiyopitisha umeme, kwa hiyo lazima uikwangue. Nilikunja kipande cha msasa laini, namba 600, nikaushika waya katikati ya mkunjo nikavuta mara mbili. Mara mbili, si kumi, utaukata. Nikauzungusha mara tatu kwenye waya mnene niliokwisha kuusafisha, nikagusa na pasi ya kulehemu ya wati 30 kwa sekunde moja. Risasi ya kulehemia iwe ile yenye utomvu ndani. Ile dawa ya asidi ya kulehemu rejeta msiilete hapa kamwe, itatafuna waya kabla mwaka haujaisha. Na joto lisikae, maana mpira wa sumaku uko jirani.

Multimita tena: 6.8. Kwa kweli mikono ilinitetemeka.

Sasa niwaonyeshe jambo ambalo linanifanya nilipende gitaa hili kuliko yote. Naongeza sauti ya ampu. Nainama. Nasogeza mdomo kwenye pikapu. Halo, halo, mnanisikia? Naongea ndani ya gitaa na mnanisikia kwenye ampu! Hakuna maikrofoni hapo. Koili hii haikuzamishwa kwenye nta kiwandani, mizunguko yake iko huru kidogo, kwa hiyo inatikisika na kila kitu: sauti, mbao, kucha yangu ikigusa mwili wa gitaa. Tena. Nagonga hapa, mbali kabisa na nyuzi. Mnasikia mbao? Sasa napiga rizimu, kiganja nimekilaza kwenye nyuzi, ile ya dansi la zamani, tuk-taka-tuk. Unausikia mkono wenyewe. Unasikia ngozi.

Nirudie kwa pikapu ya darajani mpate kulinganisha. Kali, nyembamba. Nzuri kwa solo. Narudi shingoni. Basi, nakaa hapa.

Wengi mmeandika nilipoonyesha kipande kifupi: izamishe kwenye nta. Najua kwa nini. Ampu ikiwa kubwa na ukisimama karibu nayo, pikapu kama hii inapiga filimbi mbaya. Ngoja. Hiyo hapo, samahani kwa masikio yenu. Kwenye jukwaa la harusi na maspika makubwa ni tatizo la kweli, silifichi. Lakini nikiizamisha nitaua hiyo sauti ya mkono. Ya darajani nitaizamisha, labda. Hii, hapana.

Na kama gitaa lako linavuma tu bila filimbi, fanya jaribio hili. Gusa chuma cha plagi kwa kidole, mvumo ukapungua. Halafu gusa nyuzi, mvumo usipungue. Maana yake waya wa eathi unaokwenda darajani umeachia. Hili lilikuwa hivyo hivyo. Waya mmoja, nukta moja ya risasi, dakika tano. Ila sehemu za gitaa ndizo unazoweza kufungua bila hofu. Ampu usiifungue, ndani kuna umeme unaobaki hata ukichomoa.

Shingo. Nilipanga kuisema vibaya shingo hii, hata kwenye karatasi yangu nimeandika "shingo ni mzigo". Ni nene kama mpini wa jembe, na nyuzi zilikuwa zimenyanyuka mpaka freti ya 12 naweza kupitisha penseli. Lakini imefungwa kwa skrubu nne, kwa hiyo nililegeza, nikakata kipande cha ile kadi ya plastiki inayokuja na laini ya simu, nikakiweka kwenye kikao cha shingo upande wa ndani, kuelekea darajani, nikakaza. Pembe ikabadilika, nyuzi zikashuka. Nikaweka seti nyepesi ya nyuzi, ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni namba 9. Na baada ya wiki mbili za kulipiga, unene nimeuzoea. Kiganja hakichoki haraka. Kwa hiyo nafuta nilichoandika.

Bei, maana najua mtauliza. Gitaa 180,000, nyuzi 25,000, dawa ya kopo na risasi na vingine kama 30,000. Multimita na pasi nilikuwa navyo. Kariakoo kwa 350,000 unapata gitaa jipya la Kichina, limenyooka, halivumi, na kwa mtoto anayeanza ningemnunulia hilo bila kusita. Mwanzoni nilitaka kuwaambia msinunue haya ya zamani kabisa. Sasa nasema: nenda na multimita mfukoni, tazama shingo kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao. Kama shingo imepinda kama mkia wa mbwa, liache hata kwa 50,000. Kama imenyooka na pikapu ni bubu, lipa.

Nusura nisahau, video sasa zitatoka Alhamisi jioni badala ya Jumatatu. Bonyezeni kengele. Na yule ndugu wa Bujumbura aliyetuma picha ya gitaa lililovunjika kichwa: ndugu yangu, usitie msumari, usitie supa gluu, kusanya vipande vyote kwenye mfuko, Alhamisi ni zamu yako. Tafuta gundi nzuri ya mbao na jiliwa mbili.

Jumamosi napanda basi la asubuhi kwenda Tanga. Nimeazima ampu ndogo ya betri, na nyuzi nimezikaza kwenye sauti ya chini nusu hatua, kama mzee alivyoniambia walivyokuwa wakitegesha. Nilimpigia simu jana. Aliuliza kitu kimoja tu: kama swichi ile ya mwisho kulia bado inabana.