Tahadhari: muuza kalibu "mpya" na uji wa kaure, msije mkapigwa kama mimi

Wadau wa kumimina vyombo vya udongo kwenye kalibu, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anauza seti mtandaoni, kalibu tatu za plasta "mpya kabisa" na ndoo ya uji wa kaure (udongo mweupe wa moto mkali uliokorogwa na maji) ulio tayari, picha kali, kalibu zinang'aa hatari. Na hapo kwenye kung'aa ndo pa kushtuka, mi sikushtuka. Plasta haing'ai jamani, ukiigusa inakuachia vumbi jeupe kidoleni.

Nikamimina kikombe cha kwanza, nikasubiri dakika 15 kama kawaida plasta inyonye maji na ukuta wa kikombe ushike unene, kuja kumwaga uliozidi, uji ukatoka WOTE, kama vile nimemwaga maziwa kwenye glasi. Nikadhani uji mwepesi, nikamimina tena nikaacha lisaa lizima, vile vile. Kukwangua kalibu kwa kisu inabanduka ngozi ya vanishi! Kumbe ni kalibu zilizochoka, kazipaka afiche vishimo, na plasta ikishapakwa vanishi hainyonyi maji, sasa uji utashikaje?

Uji nao nikautia kwenye kalibu zangu za zamani, vikombe vikatoka safi, nikajisemea angalau huku sijaibiwa. Nikachoma nyuzi 1,260 kama alivyoandika kwenye ndoo. Kesho yake nafungua tanuri, nilipakia vikombe sita nimetoa sahani, tena zimegandana na rafu, hadi leo nabandua kwa patasi. Ule ni udongo mweupe wa moto mdogo, wa kama nyuzi 1,050 hivi, yeye kauita kaure kwa sababu tu ni mweupe.

Nikamwandikia, akanijibu sijui kumimina. Nikamtumia video, tone la maji limetuna juu ya kalibu yake kama liko juu ya nailoni, wakati kwenye plasta nzima linazama hapo hapo. Akaniblok.

Kwa hiyo ukimkuta muuzaji yeyote mwambie adondoshe maji kwenye kalibu huku anarekodi, akianza kuzunguka achana naye. Na uji mgeni choma kwanza kipande kidogo juu ya kigae kibovu, sio moja kwa moja kwenye rafu kama mimi mjanja.

Sasa hivi kabadili jina la akaunti ila picha ni zile zile, itazameni kalibu ya birika, kona ya chini kulia imemeguka.