Tahadhari kwa wanaokarabati nyumba za zamani Nakuru: fundi anayekuchagulia hadiwea

Ninaandika haya kwa niaba yangu na ya mume wangu, kwa ajili ya kila mtu aliyenunua nyumba ya zamani hapa Nakuru na anaikarabati kidogo kidogo kwa mshahara wake. Kuna fundi ambaye amekuwa akizunguka Kiamunyi, Free Area na Lanet akijitambulisha kuwa kontrakta wa paa na umeme, naye hushirikiana na duka moja la vifaa vya ujenzi. Kwa kuwa tumewasilisha dai mahakamani, sitataja jina lake wala la duka hilo. Nitaeleza namna anavyofanya, ili atakapofika langoni kwako umtambue kwa matendo yake.

Nyumba yetu ni ya mawe, ina vyumba vitatu, na ni mali ya kwanza tuliyowahi kumiliki. Tuliinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, tukijua kwamba paa linavuja na nyaya za umeme zimechakaa, na tukaamua kuanza na paa kabla ya mvua ya Machi. Fundi huyu alikuja kwetu kupitia kibarua aliyekuwa akifanya kazi kwa jirani. Alipanda juu, akapima kwa futi kamba mbele yetu, akaandika kila kitu katika daftari: mabati 64 ya mita tatu, geji 28, pamoja na mbao, misumari na bati la kilele. Alikuwa mpole na mwenye adabu. Alituambia, "Nyinyi ni vijana, ndiyo mnaanza maisha, sitaki mtu awauzie kwa bei ya kuumiza. Twendeni kwa hadiwea ninayoijua mimi, watanipunguzia." Wizi wote uliofuata ulipitia katika mlango huo mmoja, na ndiyo maana ninaomba usomaji wako uendelee hata kama huna haja ya mabati leo.

Dukani tulionyeshwa kipande cha bati la geji 28, tukakishika, tukaridhika. Tuliombwa tulipe kwa M-Pesa kwa nambari ambayo fundi alisema ni ya mwenye duka, na jina lililojitokeza kwenye simu halikuwa la duka wala la mtu yeyote aliyekuwa pale. Mume wangu aliuliza, akajibiwa kwamba hiyo ni simu ya mke wa mwenye duka, na kwa sababu ya haya tu hatukuuliza tena. Tulilipa shilingi 138,240 za mabati na 46,500 za mbao. Risiti iliandikwa kwa mkono: "mabati 64, mbao, misumari", na jumla yake. Haikutaja geji, urefu wala aina ya mbao. Mzigo ulifika siku iliyofuata tukiwa kazini, akaupokea fundi mwenyewe, na tuliporudi jioni mabati ishirini na kitu yalikuwa tayari yamepigiliwa.

Kwa wasiofahamu, katika mabati namba ya geji ikipanda unene hupungua: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na la geji 32 ni jembamba zaidi. Ukishayaona yamepangwa juu ya kenchi, yenye rangi moja na mgongo mmoja, macho hayawezi kutofautisha. Aliyetufumbua ni mzee mmoja jirani, fundi mstaafu, ambaye aliona mabati yakibonyea chini ya mguu wa kibarua mwepesi akatuita kando. Alituonyesha kwamba mahali ambapo kiwanda huchapa jina lake, geji na alama ya ubora palikuwa pamesuguliwa kwa kitambaa chenye petroli. Alileta kalipa yake akapima mabati sita, mojamoja, akilinganisha na kipande cha geji 28 alichokuwa nacho nyumbani. Hakuna hata moja lililofikia unene ule. Mbao nazo, ambazo tulilipia bei ya zile zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zilikuwa mbichi na nyeupe hadi ndani; zilikuwa zimepakwa rangi ya kijani kwa brashi upande mmoja tu.

Tuliporudi dukani na risiti yetu, tuliulizwa swali ambalo bado linaniuma: "Hapa pameandikwa geji gani?" Hapakuandikwa. Tuliambiwa pia kwamba fedha zetu hazikuingia katika akaunti ya duka, kwa hiyo kama tuna malalamiko tumtafute tuliyemtumia. Fundi kwa upande wake alisema yeye hauzi mabati, yeye hupigilia tu. Hivyo kila mmoja alimsukumia mwenzake, na kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli iliyomtosha kujikinga. Familia mbili nyingine tulizozipata baadaye zilisimulia maneno hayohayo, hata sentensi ile ya "mnaanza maisha".

Kuhusu umeme nitasema kwa kifupi. Tulimpa shilingi 31,200 za nyaya na soketi, naye akaanza kutandaza kebo za milimita mraba 1.5 kwenye soketi, ilhali kipimo hicho huwa cha taa na soketi hutakiwa walau 2.5. Tulipokwaruza waya kwa kisu, wekundu wa shaba ulitoka na ndani ukabaki mweupe, yaani ni aluminiamu iliyovikwa shaba. Waya kama huo hupata joto haraka unapobeba mzigo mkubwa. Tulisimamisha kazi siku hiyohiyo. Dipositi ya leba, shilingi 60,000, haikurudi, na jumla ya fedha tulizomkabidhi ni shilingi 275,940.

Lakini jambo lililonifanya niandike kwa uzito huu si fedha. Paa letu la zamani lilikuwa la asbesto, yale mabamba mazito ya kijivu yenye mawimbi ambayo bado yako juu ya nyumba nyingi za zamani mjini hapa. Hatukujua, na fundi aliyedai kuwa na uzoefu wa miaka mingi hakutuambia. Au alijua akanyamaza. Vijana wake waliyavunja kwa nyundo, bila barakoa, bila kuyalowesha maji, na vumbi likaingia hadi jikoni ambako mtoto wetu wa miaka miwili alikuwa akicheza. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, na kwa sababu nzuri: nyuzi zake ni ndogo mno, huvutwa pamoja na pumzi na kukaa katika mapafu, na madhara yake, ikiwemo saratani, huweza kujitokeza baada ya miongo kadhaa. Bamba zima ambalo halijaguswa halina hatari kubwa. Hatari huja linapovunjwa, kukatwa kwa msumeno au kutobolewa. Ndiyo maana huondolewa likiwa zima na limeloweshwa, likafungwa kwa plastiki nzito, na kubebwa na watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hadi mahali palipoidhinishwa. Ukiwa na nyumba ya zamani na huna hakika paa lako ni la nini, tafadhali usiruhusu mtu yeyote apige hata msumari mmoja kabla hujaulizia katika ofisi ya NEMA.

Sasa, kama mtu amekuja kwako na unahisi ni huyu, mwambie ataje vifaa na wewe ukanunue peke yako, katika duka ulilolichagua mwenyewe, bila yeye kujua ni lipi. Fundi mwaminifu hatachukia. Tuliye naye sasa ndiye aliyetusisitizia hivyo. Dai risiti ya eTIMS, yaani ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, iandikwe geji, urefu, rangi na kiwanda, na ulipe kwa nambari ya duka yenye jina la duka. Mzigo upokee wewe au ndugu yako, mkihesabu na kusoma maandishi kwenye kila bati kabla gari halijaondoka. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora inaweza kuthibitishwa kwa kutuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023, huduma ya Shirika la Viwango. Kontrakta mwulize usajili wake katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na fundi wa umeme mwulize leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta. Huyu wetu alikuwa na kadi ya plastiki yenye picha yake na nembo aliyojichorea, nasi tuliitazama kwa heshima bila kuisoma.

Kwa wale ambao tayari wameumizwa naye, msifute jumbe za M-Pesa. Kituo cha polisi tulichokwenda kilitupa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, lakini kikasema ni suala la madai, nasi tukaenda katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kisheria kuyamaliza ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Tulipeleka jumbe za malipo, picha za mabati yaliyosuguliwa na mabati mawili ya mfano, na mzee wetu amekubali kutoa ushahidi. Familia mbili nilizozitaja nazo zinaandaa madai yao.

Nina ombi moja la haraka. Takriban nusu ya mabamba ya asbesto yaliyotoka kwetu yalipakiwa kwenye pikapu jioni ya siku ya kwanza, na kibarua mmoja ametuambia kwamba fundi aliyauza kwa mtu wa upande wa Lanet kwa ajili ya banda la kuku. Ikiwa ni wewe, au unamfahamu aliyeuziwa mabamba ya kijivu yenye madoa ya rangi ya maziwa kwenye kingo, tafadhali usiyakate wala kuyatoboa, usiyafagie yakiwa makavu, na uwaweke watoto mbali nayo. Ofisi ya NEMA tumeshaiarifu, na gharama ya kuyaondoa kwako tutaichangia sisi.